Mguu wa Mama Kwenye Breki

Gari la baba lilikuwa na breki mbili. Moja ilikuwa chini ya mguu wake. Nyingine ilikuwa chini ya mguu wa mama, upande wa abiria, mahali ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa zulia la mpira lililochakaa. Kila tulipofika kwenye mteremko, mama alikanyaga, na wala hakujua kwamba anakanyaga. Alikuwa akiongea habari za kwaya au za maharage yaliyonyauka kwa ukungu, huku mguu wake wa kulia ukizama polepole kwenye lile zulia, mpaka kisigino kikatengeneza kishimo. Baba alipenda kututania: "Siku nikichoka, mama yenu atalisimamisha."

Sikuwepo siku breki zilipokataa. Nilisimuliwa na kila mmoja wao kwa wakati wake, na masimulizi yao hayakufanana ila mahali pamoja tu: wote wawili walikanyaga.

Walikuwa wanatoka Vwawa na mifuko ya mbolea ya kukuzia mahindi. Ilikuwa masika, na ile barabara ya vumbi ya kurudi kwetu Igamba ilikuwa imegeuka rojo. Kwenye mteremko wa mwisho baba akagusa breki, na pedeli ikaenda chini yote, laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Akaipampu. Ikapanda kidogo, ikashuka tena. Akavuta breki ya mkono, akashusha gia, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa shamba la mtu, na pikapu ikasimama imelalia mahindi. Mama akafungua mlango, akashuka, akafunga khanga vizuri kiunoni, akaanza kutembea kwenda nyumbani. Hakusema neno. Baba aliniambia kwamba ule ukimya ulimtisha kuliko mteremko.

Jioni ile mama alisema sentensi moja: "Mimi sipandi tena, na mama yangu hapandi."

Hapo ndipo jambo lilipouma. Kwetu, watu wa kanisa la Kimoraviani, Pasaka haianzii kanisani. Inaanzia makaburini, kabla jua halijatoka. Matarumbeta yanapigwa gizani, watu wamesimama katikati ya makaburi ya watu wao, na kunapokucha kila familia inajikuta imesimama pamoja na wazima wake na marehemu wake. Babu yangu mzaa mama amelala Mbozi Mission. Bibi, mkewe, anaishi Chitete kwa mama mkubwa, kwa sababu baridi ya huku juu inamla magoti na joto la kule bondeni linayatuliza. Kila Pasaka alipandishwa na gari la baba. Basi lina ngazi ndefu asizoziweza, na pikipiki hataki hata kuisikia. Pikapu ya baba ni fupi, na mama alikuwa anajua namna ya kumpandisha: anamgeuza, anamkalisha kwanza, kisha anaingiza mguu mmoja mmoja. Bibi hakukubali kupandishwa na mtu mwingine. Mwaka huo alikwisha kutuma salamu kwamba mwanawe asipomfuata, atakaa. Na alikuwa mzee kiasi kwamba hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kusema kwa sauti, "Tutamleta mwakani."

Nilifika kutoka Dar es Salaam wiki ile ya Pasaka na mkoba wangu wa vitabu, nikamkuta mjomba uani, chini ya gari, miguu yake tu ikiwa nje. Mjomba ni mdogo wake mama, fundi wa magari Tunduma, karibu na pale malori yanapopanga foleni ya kuvuka mpaka. Bibi ni mama yake pia. Alikuja bila kuitwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Una miguu mizima?"

"Ninayo."

"Panda humo ndani. Unayeandika vitabu unatumia mikono tu, leo miguu nayo ifanye kazi."

Hivyo ndivyo nilivyopewa pedeli. Lazima niueleze ulaini wake, maana kwa siku nzima ndiyo iliyokuwa dunia yangu. Breki nzima inapokanyagwa inakwenda kidogo, kisha inakutana na kitu, kama mguu unavyokutana na udongo mgumu chini ya majani. Ile ya baba haikukutana na kitu. Ilikubali tu. Ukiendelea kukandamiza nayo inaendelea kukubali, kwa upole wa kuudhi, kama mtu anayeitikia kila unachosema huku hakusikilizi. Ukiipampu mara kadhaa inajifanya ngumu. Ukipumzika, ukairudia, imekwisha kusahau.

Mjomba alikwisha kupata chanzo cha kwanza. Silinda ya gurudumu moja la nyuma ilikuwa imechoka raba zake, na oili ya breki ilivuja ikalowanisha upande wa ndani wa tairi. Akabadilisha raba, akasafisha, akafunga. Oili inapotoka, upepo unaingia, na upepo ndio adui. Oili haibonyei, ila upepo unabonyea. Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa ni kutoa upepo, kazi ya watu wawili na maneno matatu.

"Kanyaga," aliita kutoka chini.

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

Nikashikilia. Yeye akafungua skrubu ndogo nyuma ya gurudumu, oili ikaruka kwenye mpira mwembamba hadi kwenye chupa ya maji ya kunywa, na pedeli ikazama chini ya mguu wangu kama inayokata roho. Akafunga.

"Achia."

Gurudumu la nyuma kushoto, la nyuma kulia, kisha ya mbele. Kanyaga, shikilia, achia. Ikawa kama kwaya ya watu wawili yenye wimbo mmoja. Baba alisimama mbele, bonneti imefunguliwa, akiongeza oili kwenye kitanki kila ilipopungua. Mapovu machache yakatoka, kisha oili ikawa safi kabisa, bila hata povu moja. Mjomba akatoka chini akijifuta mikono.

"Jaribu."

Nikakanyaga. Laini.

"Bado, mjomba."

Baba akaegemea bonneti. "Shemeji, hivi ufundi ulifundishwa na nani? Au uliokota spana njiani?"

"Nilifundishwa na magari kama hili lako, shemeji. Kila ugonjwa linao. Ningekuwa daktari ningelizika."

"Lizike tu. Ila ukumbuke kwamba ndilo linalomleta mama yako."

Mjomba akaokota spana. Akarudi chini. Akachukua klempu, akabana mipira ya breki yote mitatu, ya mbele miwili na ule mmoja wa nyuma, ili magurudumu yasipate kitu. Akanieleza huku anabana, kwa sababu mjomba hawezi kufanya kazi kimya. Pedeli ikiwa ngumu sasa, tatizo liko kwenye magurudumu. Ikibaki laini, tatizo liko juu, kwenye masta ya breki, ile silinda kuu inayosukuma oili. Nikakanyaga. Ikabaki laini.

"Masta," alisema, na uso wake ukapata nuru ya mtu aliyemkamata mwizi.

Masta nyingine alikuja nayo kwenye mfuko kutoka Tunduma. Alikwisha kuishuku tangu aliposimuliwa kwa simu. Akaifunga, tukaanza upya wimbo wetu. Kanyaga. Nimekanyaga. Shikilia. Achia. Mchana ukapita juu yetu na mawingu yake, mvua ikanyesha kidogo ikaacha. Gurudumu la mwisho lilipokwisha nilikanyaga nikiwa nimefumba macho, kama mtu anayeomba.

Laini.

Mjomba aliliona usoni mwangu.

Baba akafunga bonneti taratibu, bila kuibamiza. Akasema kuna mtu Tunduma aliyewahi kuliulizia lile gari, na kwamba baada ya sikukuu atampigia simu. "Gari ambalo mke wangu hapandi nalifanyia nini," alisema, akaenda kukaa akiegemea kiambaza cha jiko.

Mama alikuwa jikoni, mlango wazi. Alisikia. Ningetegemea afurahi, maana yeye ndiye aliyelikataa. Lakini nilimwona amesimama na mwiko mkononi, anatazama mvuke wa chungu, na nikajua kwamba hakuwahi kutaka gari liondoke. Alitaka lisimame linapoambiwa lisimame. Basi.

Ndipo maji yakakata.

Maji ya kwetu hayatoki bombani. Yanatoka kwenye chemchemi mlimani, juu ya mibuni, kwa mpira mweusi ambao baba aliutandaza miaka mingi iliyopita, unaopita kati ya mashamba ya majirani na kuishia mlangoni mwa jiko. Kahawa yetu yote inaoshwa kwa maji hayo, na vyombo vyetu vyote. Mjomba alienda kunawa oili mikononi, mpira ukatema mate mara mbili, ukakohoa, ukanyamaza.

"Upepo umeingia," mama alisema. Akaweka mwiko chini, akapanda mlimani. Nikamfuata, kwa kuwa sikutaka kubaki na ule ukimya wa uani.

Kuna mahali mpira unapita juu ya kichuguu. Mvua ikileta tope likaziba maji kule juu, upepo unaingia, unateremka hadi hapo, unakaa. Maji yanakuja kutoka mlimani, yanakuta upepo umejikunja kwenye ile nundu, yanashindwa kuuvusha. Mama hakuupuliza mpira wala kuupiga. Aliunyanyua kutoka kwenye kichuguu, akaulaza pembeni, kwenye mfereji, ili mpira wote uwe unateremka kutoka juu hadi chini bila kupanda tena popote. Tukasikia upepo unarudi mlimani ndani ya mpira, glu-glu-glu, kama kuku anayeita vifaranga. Kisha ukimya. Kisha, kutoka chini, sauti ya mjomba: "Yamekuja, dada. Natotela." Ndivyo wanavyoshukuru Wabemba wa upande wa pili wa mpaka, na yeye alipenda kutuonyesha kwamba anaishi mjini.

Tulipokuwa tunashuka mama alisimama ghafla kwenye mibuni ya mwisho. Kutoka pale, uani kwetu kote kunaonekana. Aliangalia gari kwa muda.

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo kwetu hakuna mtu anayelisema, kwa kuwa kila mtu analifanya. Huku kwenye miinuko ya Mbozi, pikapu inaegeshwa ikitazama njia, kichwa kwenye mteremko, jiwe mbele ya tairi. Stata zinakufa, betri zinachoka na baridi ya asubuhi, na mwenye gari linalotazama chini hamuombi mtu msaada: anatoa jiwe, gari linateremka lenyewe, anaachia klachi, injini inashtuka. Pita kijiji chochote, utayakuta yamepangwa hivyo, yote yanatazama barabarani kama yanayotaka kutoroka. Gari la baba lilikuwa na stata nzima, mjomba mwenyewe aliifunga siku nyingi. Baba aliendelea kuliegesha vilevile. Sidhani kama aliwahi kufikiria kuliegesha vingine.

Kwa hiyo lilikuwa limeinamisha kichwa kuelekea barabarani. Na kwa kuwa walifungua magurudumu ya nyuma, walilipiga jeki na kuliegemeza juu ya magogo, nyuma likainuka zaidi, kama ng'ombe anayeanza kusimama.

Mama alifika uani, akasimama kati ya mumewe na mdogo wake.

"Upepo wenu nyinyi," alisema, "huwa unashuka?"

Mjomba akainua kichwa. "Unasemaje, dada?"

"Nauliza. Oili yenu iko wapi? Si mbele kule kwenye kitanki? Na upepo mnautafuta nyuma. Na huko nyuma mmekupandisha juu ya magogo. Mimi nimetoka kuutoa upepo kwenye kichuguu sasa hivi. Haukai bondeni. Unakaa kwenye nundu."

Hakuna aliyecheka. Mjomba alikwenda akachuchumaa, akachungulia chini, akafuatisha kwa kidole ule mrija mwembamba wa chuma unaotoka mbele ya gari na kupita pembeni mwa chesisi hadi nyuma, unapojikunja kwenda juu kidogo kabla ya kushuka kwenye mpira. Kidole kikasimama kwenye ule mkunjo.

"Hapa sikubana," alisema polepole. "Nilibana baada ya hapa, kwenye mpira. Huu mrija wote ulikuwa nje ya klempu zangu." Akakaa chini kwenye tope. "Kwangu Tunduma ni tambarare. Gari linakaa kama meza. Sijawahi kutoa upepo gari likiwa limesujudu."

"Linasujudu kwako tu," baba alisema. "Kwetu linasubiri safari."

"Basi ligeuze, shemeji. Litazame nyumba. Mrija wote uteremke kutoka kwenye kitanki hadi nyuma, upepo utarudi wenyewe kule juu ulikotoka."

Baba aliangalia jiwe la mbele ya tairi. Nilielewa alichokuwa anafikiria. Gari likitazama nyumba, likizimwa, halina pa kuteremkia. Litawashwa na stata au halitawashwa.

"Hiyo stata yako," alimwambia mjomba, "mimi huwa naiamini siku za jua."

"Leo iamini na siku ya mawingu."

Magurudumu yakafungwa, magogo yakatolewa. Baba akaingia ndani. Akashuka hadi barabarani kwa gia ya kwanza na breki ya mkono, mjomba akitembea pembeni na jiwe mikononi, jiwe kubwa kiasi kwamba alionekana kama anabeba mtoto. Kule chini baba aligeuza, akapanda tena, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona uso wa gari letu ukija nyumbani; siku zote lilipanda kinyumenyume. Taa zake mbili, chuma kilichopinda tangu nikiwa darasa la nne. Likasimama mbele ya mlango wa jiko. Mjomba akaweka jiwe nyuma ya tairi. Baba akazima injini.

Nikarudi kwenye pedeli. Safari hii hapakuwa na kukandamiza. "Iguse tu," mjomba alisema. "Kama unamwamsha mtu unayempenda." Nikaigusa, nikaachia, nikaigusa. Yeye na baba waliinamia kitanki cha oili, vichwa vyao vinakaribiana.

"Hilo hapo," baba alisema.

Povu moja lilipanda. Kisha jingine, dogo. Kisha yakaja kwa makundi, kama uji unapoanza kuchemka pembeni mwa sufuria. Mama alikuja na kitambaa mkononi, akachungulia katikati ya vichwa vya wanaume wale wawili. "Si huyo," alisema, kama anamwonyesha mtu kuku aliyepotea, akarudi jikoni kuangalia ugali.

Tukala kwanza, tukaliacha gari litazame nyumba. Baada ya kula tukarudia wimbo wetu mara ya mwisho, kanyaga, shikilia, achia, na kutoka gurudumu la nyuma likatoka povu moja kubwa, likafuatiwa na oili tupu. Mjomba akafunga skrubu.

Nikakanyaga. Mguu ulikwenda kidogo, ukakutana na kitu.

Nilikanyaga tena kuhakikisha, nikasubiri, nikakanyaga bila kuipampu. Kile kitu kilikuwa palepale. Machozi yalinitoka kwa ajili ya pedeli ya breki, na sioni haya kuandika hivyo.

Baba aliita jikoni. "Mke wangu. Njoo uweke mguu."

Mama hajawahi kuendesha gari. Alivua kandambili kwanza, kama anaingia kwenye nyumba ya mtu, akakaa kwenye kiti cha dereva, akaunyoosha mguu wake wa kulia, ule ambao kwa miaka yote ulikanyaga zulia. Akakanyaga. Akashikilia muda mrefu, akitazama mlango wa jiko lake kupitia kioo cha mbele. Sisi watatu tulisimama tope likitupanda miguuni.

"Imegoma," alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa," mjomba alisema.

"Najua. Nasema imegoma."

Akashuka, akavaa kandambili. "Asubuhi tuondoke mapema. Mama anachoka kusubiri akiwa amekwisha kuvaa."

Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito. Baba aliketi, akashika ufunguo, akamtazama mjomba kwenye kioo cha pembeni kana kwamba wana kesi. Stata ikanguruma, ikasita, ikanguruma tena, injini ikawaka. Mjomba alipiga mlango makofi mawili, akaenda zake kutafuta gari la kurudi Tunduma. Pasaka yake ilikuwa ya mafundi, alisema, malori hayasikilizi matarumbeta.

Nilikaa katikati, mama dirishani. Barabara ya kushukia Chitete inateremka kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto, kona baada ya kona, na masika yalikuwa yameichimba. Kwenye mteremko wa kwanza mguu wa mama ulizama kwenye zulia. Baba aligusa breki, gari likatii. Mteremko wa pili mguu ulizama. Baba hakutania. Alikuwa anaendesha kama mtu aliyebeba mayai. Mahali fulani, hewa ilipoanza kuwa ya joto na mama akafungua kioo, nilitazama chini nikaona kile kishimo cha kisigino kitupu. Miguu yake ilikuwa imepandana, kandambili moja imemtoka.

Bibi alikuwa amekwisha kuvaa. Mama akamgeuza, akamkalisha, akaingiza mguu mmoja mmoja. Mimi nikapanda nyuma, juu ya gunia la mpunga ambao mama mkubwa alitupatia. Njia nzima ya kurudi niliwatazama kupitia kile kioo kidogo cha nyuma: kofia ya baba, kitambaa cheupe cha bibi, kichwa cha mama. Kwenye ile milima ambayo gari linapanda na kushuka kabla ya Igamba, mama alikuwa amegeukia upande, anamwambia mama yake jambo refu, mikono inapepea. Barabara hakuitazama.

Alfajiri ya Pasaka baba alitupeleka Mbozi Mission gizani. Mahali pa kuegesha pale makaburini pana mteremko. Magari ya watu yalikuwa yamepangwa yote yakitazama chini, kila moja na jiwe lake. Baba alipita mbele yao, akazunguka taratibu, akasimamisha letu likitazama juu, kule babu aliko, kwa ulaini kiasi kwamba bibi aliuliza kama tumefika.